Picha Moja, Vioo Vingi: Ushauri kwa Mafundi wa Picha wa Mikinduri

Mtu wa Mikinduri anayeagiza kadi na mabango ya harusi hana haja ya kujua lolote kuhusu skrini. Amechagua maruni. Kamati imekubali maruni, kitambaa cha wasimamizi kimenunuliwa, na mchoro wa kadi umetumwa kwa WhatsApp kwa kila anayehusika. Wiki moja baadaye kadi zinatoka kwa mchapishaji wa Meru mjini zikiwa na rangi inayoelekea kahawia, bango la ukumbini limeelekea zambarau, na kwenye simu ya shangazi wa bibi harusi mchoro uleule bado ni mwekundu kama ulivyokuwa siku ya kwanza. Hapo lawama huanza kuzunguka: mchapishaji anamlaumu aliyehariri, aliyehariri analaumu wino, mteja anadai arudishiwe pesa. Makala haya ni ya yule aliye katikati, fundi mwenye chumba kimoja, kompyuta moja na printa moja, ambaye hulipia hasara ambayo mara nyingi hakuisababisha peke yake. Ninachomshauri ni kwamba aache kabisa kutafuta rangi itakayofanana kwenye kila kioo, kwa maana haipo. Achague rejeo moja linaloshikika mkononi, alitunze, na amzoeze mteja kukubali rangi kwa kulitazama rejeo hilo badala ya simu yake.

Tuanze na jambo ambalo wengi hulipita haraka. Faili la picha halina rangi ndani yake, lina namba. Kila nukta ya picha ya JPEG ina namba tatu, ya wekundu, ya kijani na ya buluu, kila moja kati ya 0 na 255. Maruni ya kadi ile huenda iliandikwa 128, 0, 32. Namba hizo peke yake hazisemi ni wekundu upi. Ni sawa na mwenye maharagwe sokoni kukwambia amekupimia tatu bila kusema kama ni gorogoro tatu au madebe matatu: hesabu ni sahihi, kipimo hakijulikani. Kipimo cha rangi huitwa profaili, yaani maelezo mafupi yanayowekwa ndani ya faili kueleza kwamba 128 ya wekundu katika faili hili ni wekundu wa kiasi gani kwa jicho la binadamu. Jicho hilo nalo lilishapimwa: mwaka 1931 tume ya kimataifa ya mwanga, CIE, ilitoa mfumo wa kuandika rangi kwa namba kwa kufuata jinsi watu wanavyoona, na mfumo huo ndio msingi wa profaili zote hadi leo. Mwaka 1993 kampuni kadhaa za kompyuta na picha, zikiwemo Apple, Adobe, Kodak na Microsoft, ziliunda muungano wa ICC ili profaili ziandikwe kwa namna moja inayosomeka na programu zote. Programu inayojua kazi yake basi husoma namba za picha, husoma profaili ya faili, husoma na profaili ya skrini, kisha hurekebisha kile inachopeleka kwenye skrini ili jicho lipate rangi iliyokusudiwa. Mnyororo huo ukikatika popote, kifaa kinachofuata hukisia tu.

Kwa duka la Mikinduri kipimo cha kuchagua ni sRGB, na sioni haja ya kulibishania hilo sana. Kilipendekezwa na HP na Microsoft mwaka 1996 na kikawa kiwango cha kimataifa mwaka 1999. Faida yake kubwa ni kwamba kifaa kisichosoma profaili kwa kawaida huchukulia kuwa namba zote ni za sRGB, kwa hiyo hata kikikisia, kitakuwa kimekisia karibu na ukweli. Wapo wanaoweka kamera kwenye Adobe RGB, iliyotolewa mwaka 1998, kwa sababu wamesikia ni pana zaidi. Ni pana kweli, hasa upande wa kijani. Lakini picha hiyo ikifika kwenye saiba ambako programu haisomi profaili, huonekana imepauka, ngozi imekauka na majani ya chai ya Michimikuru yamepoteza uhai, kwa kuwa namba za kipimo kikubwa zimesomwa kwa kipimo kidogo. Simu za iPhone nazo, tangu iPhone 7 ya mwaka 2016, hupiga picha katika Display P3, ambayo pia inaipita sRGB kwa upana. Ukiletewa picha kama hiyo usiifute profaili yake wala usiibandike nyingine, igeuze. Photoshop na GIMP zina amri mbili zinazokaribiana kwa jina. Moja hubadilisha lebo na kuacha namba zilivyo, nyingine hubadilisha namba ili rangi ibaki ileile. Unayoihitaji karibu kila mara ni hiyo ya pili. Kuna hata kazi ambazo sRGB si hiari: masharti ya picha za bahati nasibu ya viza ya Marekani, ambayo Wakenya wengi wamekuwa wakiijaza, yanataka JPEG ya mraba isiyopungua pikseli 600 kwa 600, tena katika sRGB.

Sasa tuvitazame vifaa vyenyewe. Kompyuta nyingi za madukani ni laptopu za mitumba, zile tunazoziita ex-UK, zilizotengenezwa kwa ajili ya barua na hesabu za ofisi. Nyingi za skrini hizo haziwezi kuonyesha zaidi ya thuluthi mbili hivi za rangi zilizomo katika sRGB. Maruni na kahawia iliyokolea hukaribiana mno hadi jicho halitofautishi. Zile za aina ya TN zina ila nyingine, kwamba rangi hubadilika kwa kufuata pembe unayotazamia. Fungua picha ya uso, kisha usukume kifuniko cha laptopu mbele na nyuma kidogo. Uso ukihama kutoka weusi hadi ukijivu, fahamu kwamba skrini hiyo haiwezi kukuamulia rangi hata ungeisawazisha vipi. Simu nazo zina tabia zao. Samsung nyingi hutoka dukani zikiwa zimewekwa kwenye mpangilio wa Vivid, unaokoleza kila kitu, na mwenye simu hajui kwamba kuna mwingine uitwao Natural. Simu nyingi za bei nafuu zenye kioo cha LCD zina weupe unaoelekea buluu. Jua likizama, kichujio cha kupumzisha macho hujiwasha na kila kitu kikageuka njano. Ukimtumia mchoro mmoja mwenyekiti, mweka hazina na bibi harusi saa mbili usiku, utakuwa umetuma michoro mitatu, na kila mmoja wao atakuambia kwa dhati alichokiona.

Fundi mkongwe atajibu kwamba haya yote ni ya wanaoanza. Yeye ana miaka mingi kazini na jicho lake linatosha. Hoja hii inastahili jibu la heshima, kwa sababu jicho lenye uzoefu hujua mengi ambayo mashine haijui: hujua uso wenye afya ulivyo, na hujua kanzu nyeupe inapaswa kuwa na vivuli vya namna gani. Lakini kupima rangi ni kazi nyingine. Jicho limeumbwa kuitambua ndizi mbivu alfajiri, adhuhuri na jioni ingawa mwanga umebadilika kabisa, na ili lifanye hivyo ubongo hukadiria rangi ya mwanga uliopo kisha huiondoa bila kukuuliza. Februari 2015 picha ya gauni moja la harusini, kutoka Uskoti, ilizunguka dunia nzima kwa sababu watu waliokaa pamoja wakitazama skrini ileile waligawanyika: hawa waliona buluu na nyeusi, wale waliona nyeupe na dhahabu. Gauni lilikuwa la buluu na nyeusi. Hakuna aliyekuwa na jicho bovu; walikisia mwanga tofauti. Ukikaa nusu saa mbele ya skrini yenye weupe wa kibuluu, hutatambua tena kwamba buluu hiyo ni ya skrini, na kila picha utakayoisahihisha utaiongezea njano. Mandhari nyeupe ya picha ya pasipoti, ambayo mteja ataibeba hadi ofisi ya pasipoti ya Embu, itatoka na rangi ya maziwa yaliyokaa, nawe utaapa kwamba ulipoiachia ilikuwa nyeupe.

Mazingira ya maduka yetu huongeza tatizo hili kwa namna ambayo vitabu vya kigeni havikuiwazia. Katika masoko ya Kenya ukuta wa duka mara nyingi ni tangazo: kijani cha Safaricom, wekundu wa Airtel, na rangi hiyo pengine imeingizwa hadi ndani kwa sababu ilipakwa bure. Ukuta wa kijani hurudisha mwanga wa kijani kwenye shavu la anayepigwa picha, na hurudisha mwanga huohuo kwenye karatasi unayoilinganisha na skrini. Ukiweza, paka ukuta ulio nyuma ya skrini na ule ulio nyuma yako rangi ya kijivu isiyong'aa, au angalau nyeupe ya kawaida. Ni kopo moja la rangi, na matokeo yake huyaona siku hiyohiyo. Balbu za LED za bei ya chini nazo hukosa sehemu ya mwanga mwekundu, hivyo ngozi na vitambaa hudanganya chini yake. Vitenge viwili vinavyofanana kabisa dukani huweza kutengana vikitolewa nje, kwa kuwa wino zake hazirudishi mwanga kwa namna moja. Kamati za harusi hulijua hili bila kufundishwa. Ndiyo maana akina mama hutoka na kitambaa hadi mlangoni kabla ya kulipa.

Lakini hasara kubwa kuliko zote iko kwenye ngozi, na hapa nataka kukaa kidogo. Vifaa vya picha havikutengenezwa kwanza kwa ajili ya nyuso zetu. Kwa miongo kadhaa maabara za picha zilisawazisha mashine zao kwa kadi ya Kodak iliyoitwa Shirley, picha ya mwanamke mzungu. Ngozi yake ikitoka vizuri, mashine ilihesabiwa kuwa sawa. Mtafiti Lorna Roth wa Chuo Kikuu cha Concordia, Kanada, katika utafiti alioutoa mwaka 2009, alionyesha kwamba msukumo wa kuboresha uonyeshaji wa rangi za kahawia na nyeusi kwenye filamu ulitoka kwa sehemu kwa watengenezaji wa samani na wa chokoleti waliolalamika kwamba bidhaa zao hazionekani sawasawa. Mbao na peremende zilisikilizwa kabla ya watu. Mambo yamesogea tangu hapo: Tecno ilijipatia soko Afrika kwa sehemu kwa kurekebisha kamera zake zifae ngozi nyeusi, na Google mwaka 2021 ilileta mpango wa Real Tone kwenye Pixel 6 kwa lengo hilohilo. Hata hivyo urithi wa zamani haujaisha, na mahali unapoonekana kwa urahisi kabisa ni kwenye lalamiko ambalo kila fundi amelisikia, kwamba picha imetoka nyeusi.

Sababu ya lalamiko hilo karibu kila mara ni mwangaza wa skrini. Skrini mpya huweza kutoa kandela 250 au 300 kwa kila mita ya mraba, ilhali kazi inayokwenda kwenye karatasi huhitaji kati ya 80 na 120. Karatasi haina taa ndani yake. Hurudisha tu mwanga uliopo chumbani. Fundi aliyeweka skrini juu kabisa huona maelezo ndani ya vivuli ambayo karatasi haitaweza kuyaonyesha, tena huishusha picha zaidi kwa kuwa inamwangaza machoni. Uso mweupe hustahimili kosa hilo kwa sababu namba zake ziko juu. Uso mweusi sana una sehemu kubwa ya maelezo yake chini ya 90, na kosa lilelile humeza mstari wa taya, nywele, na mpaka kati ya shingo na koti la suti. Kwenye kijitabu cha mazishi, ambako picha ya marehemu mara nyingi imekatwa kutoka kwenye picha ya simu ya kundi la watu, hasara hiyo hairekebishiki, na familia haitakuja kuipiga upya. Nitaongeza kwamba kuna wateja wanaotaka kung'arishwa. Hilo ni ombi lao na lina bei yake. Kisichofaa ni mtu kung'arishwa au kufifishwa na hitilafu ya skrini bila yeye wala wewe kuamua.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuituliza skrini. Iwashe ikae nusu saa kabla ya kuamua rangi yoyote. Zima kichujio cha usiku cha Windows, zima marekebisho ya mwangaza yanayojiendesha, na kama una Mac zima True Tone. Weka nyeupe ya skrini kwenye kelvini 6500, kiwango ambacho sRGB yenyewe imejengwa juu yake. Mwangaza uushushe hivi: fungua ukurasa mweupe mtupu, shika karatasi nyeupe ya A4 kando ya skrini ikipata mwanga wa kawaida wa chumba, kisha shusha hadi ukurasa na karatasi vikaribiane. Utashtuka jinsi skrini itakavyoonekana hafifu. Iache hivyo siku mbili, utaizoea. Windows ina chombo chake cha kusawazisha skrini kwa macho na Mac ina chake. Havifikii kifaa cha kupimia, ila huondoa makosa makubwa. Ukishapata mahali pazuri, tia alama ya kalamu kwenye kitufe au andika namba ya mwangaza ukutani, na laptopu ikae pembe moja. Mandhari ya programu ya kuhariria iwe ya kijivu. Picha ya mandhari ya kompyuta yenye maua ya waridi iondoke.

Kifaa cha kupimia skrini, kile kinachoning'inizwa juu ya kioo na kusoma rangi moja moja, ni jambo la mjadala wa bei. Spyder za Datacolor na vifaa vya Calibrite hugharimu makumi ya maelfu ya shilingi, na fundi anayetoza picha ya pasipoti kwa bei ya Mikinduri atauliza kwa haki ni lini pesa hizo zitarudi. Jibu langu ni kwamba kifaa hiki hakihitaji kuwa cha mtu mmoja. Hutumika mara moja kwa mwezi, labda dakika ishirini. Studio sita au saba za Mikinduri, Muthara na Kianjai zikichanga, kila moja itakuwa na skrini iliyopimwa, na zaidi ya hapo zitakuwa zimesawazishwa kwa kiwango kimoja, jambo linalorahisisha kupeana kazi msimu wa harusi. Programu za kukiendesha hazina gharama: ArgyllCMS ya Graeme Gill hutolewa bure, na DisplayCAL iliyojengwa juu yake pia. Asiyepata wa kuchanga naye asingoje. Kifaa husaidia skrini peke yake, na mimi sishauri skrini iwe rejeo.

Rejeo ninalolisema ni karatasi. Tengeneza ukurasa mmoja wa majaribio katika sRGB, uuwekee nyuso tatu za watu waliokubali, mmoja mweusi sana, mmoja wa maji ya kunde, mmoja mweupe. Mstari wa vijivu kuanzia 0 hadi 255 wenye hatua nyingi zilizosongamana upande wa giza, kwa mfano 10, 20, 30, 40. Kipande cheupe kitupu. Na vipande vya rangi ambazo wateja wako huagiza kila mara, maruni, buluu ya kifalme, kijani cha sare za shule, dhahabu. Uchapishe ukurasa huo kwenye kila aina ya karatasi unayouza, bila kurekebisha chochote, na nyuma yake andika tarehe, wino na karatasi. Sasa una kitu kisichobadilika kwa kubonyezwa. Kijivu kikitoka na wekundu au ukijani, umejua printa inaelekea wapi. Hatua ya 20 isipotofautiana na ya 10, umejua kwamba vivuli vilivyo chini ya hapo karatasi hii haivioni, na kwenye kijitabu cha mazishi utaviinua kabla ya kuchapisha. Ndipo uirudie skrini, uilinganishe na ukurasa, na ujifunze tofauti zao. Skrini na karatasi hazitalingana; utakachokijua ni kwamba maruni ikionekana hivi kwenye skrini, hutoka vile kwenye karatasi.

Ukurasa huo utazamwe wapi? Wachapishaji wa kimataifa hutumia taa maalumu za mwanga wa kelvini 5000, na kiwango cha ISO 3664 hueleza hata nguvu yake. Mikinduri haina taa hizo lakini ina kitu ambacho London haina. Mji uko kaskazini ya ikweta kidogo tu, jua huchomoza karibu na saa kumi na mbili unusu mwaka mzima, na saa nne ya asubuhi ya Januari haina tofauti kubwa na ya Julai. Simama mlangoni upande wa kivuli, jua lisiguse karatasi moja kwa moja, kati ya saa nne na saa tisa, mbali na ukuta wenye rangi na mbali na mabati mapya yanayomulika. Mwanga wa kivulini ni wa kibuluu kuliko wa taa zile, na siku ukungu wa Nyambene umeshuka ubuluu huo hupungua, kwa hiyo siudai kuwa ni sahihi kama maabara. Unatosha kwa sababu unarudi kila siku, haulipiwi stima, na mteja wako naye atatazama kadi zake chini ya mwanga wa namna hiyohiyo.

Printa yenyewe ina mtego mmoja ambao huharibu kazi nyingi kuliko mingine yote. Programu ya kuhariri inaweza kusimamia rangi, na dereva ya printa inaweza kusimamia rangi. Zikisimamia zote mbili, picha husahihishwa mara mbili na nyuso hutoka na wekundu wa ajabu. Chagua moja, zima nyingine, na usibadilishe tena. Aina ya karatasi unayoichagua kwenye dereva ilingane na karatasi iliyo kwenye trei, maana ndiyo inayoamua kiasi cha wino. Wino wa kujaza kutoka kampuni nyingine ni halali yako, bei yake naielewa, ila profaili iliyokuja na printa ilitengenezwa kwa wino wa mwenye printa. Ukibadilisha wino, ukurasa wa majaribio uchapishwe upya. Mpe mteja picha kesho yake ukiweza, kwa sababu rangi huendelea kutulia saa kadhaa baada ya kuchapishwa.

Kazi inayotoka nje ya duka, kwenda kwa mashine kubwa za Meru au River Road ya Nairobi, inakutana na mpaka mwingine. Mashine hizo hujenga rangi kwa samawati, majenta, manjano na nyeusi, na kuna rangi za skrini ambazo wino hizo haziwezi kuzifikia. Buluu kali huelekea zambarau. Kijani king'avu hufifia. Machungwa huchafuka kidogo. Njano iliyokolea, kinyume chake, hutoka vizuri sana. Msimu wa kampeni huonyesha hili waziwazi: njano ya chama cha UDA ni rahisi kuichapisha, lakini chungwa la chama cha ODM, alama iliyotokana na kura ya maoni ya mwaka 2005, halitoki kwenye bango jinsi linavyowaka kwenye simu, na uchaguzi wa Agosti 2027 utaleta ugomvi huohuo. Photoshop na GIMP zinaweza kukuonyesha kwenye skrini jinsi rangi zitakavyopungua na kukutilia alama zile zisizofikika, mradi una profaili ya mashine husika. Muulize mchapishaji anatumia profaili gani. Asipoweza kukujibu, usijigeuzie faili mwenyewe kwa kukisia. Mpelekee sRGB, omba kipande kimoja cha majaribio kwenye karatasi au turubali ileile, na kilipie. Faili la asili libaki kwako bila kuguswa, kwa kuwa rangi iliyokatwa wakati wa kugeuzwa hairudi.

Pingamizi lenye nguvu kuliko mengine ni hili: picha nyingi za siku hizi hazichapishwi kamwe, huishia kwenye simu, na simu umeshakiri hazitawaliki, basi taabu ya nini? Naona ni kinyume. Kwa sababu simu hupotoka kila moja upande wake, faili lililo sawa hukaa katikati ya upotovu huo, na hakuna simu iliyo mbali nalo mno. Faili lililokwisha kuelekea njano kwa sababu ya skrini yako litakuwa njano maradufu kwenye simu yenye kichujio, na hapo ndipo mteja hulalamika. Isitoshe, mwenye simu ameizoea. Nyuso zote anazoziona humo zimepotoka kwa namna moja, na picha yako ikipotoka kama zile nyingine, haimshtui. Unapotuma kwa WhatsApp, tuma kama dokyumenti, si kama picha, ili faili lisibanwe na kupunguzwa. Mwenye duka la vitambaa, au mkulima wa miraa anayemtumia mnunuzi picha ya wekundu wa vijiti, aweke karatasi nyeupe ndani ya picha hiyo: anayetazama atakuwa na kitu cha kulinganishia hata kama kioo chake kimeelekea buluu.

Wengine watasema programu za simu sasa hujisahihishia rangi kwa kubonyeza mara moja. Kwa picha moja ya kuweka mtandaoni, sawa. Lakini jaribu kwa darasa la wanafunzi arobaini waliovaa sweta za kijani. Programu huitazama kila picha peke yake, huona kijani kingi, hudhani ni hitilafu ya mwanga, na kuivuta kuelekea majenta, kwa kiasi tofauti kulingana na sweta ilivyojaza fremu. Utapata shule yenye kijani cha aina arobaini. Picha za namna hiyo zipigwe kwa mwanga mmoja, ya kwanza ikiwa na karatasi ya kijivu mkononi mwa mtoto, mizani ya weupe isahihishwe kwa picha hiyo, kisha marekebisho yaleyale yanakiliwe kwenye zote.

Yamebaki makubaliano na mteja, ambayo yasipowekwa mapema hakuna profaili itakayokuokoa. Usikubali rangi ipitishwe kwa simu. Mwite aje dukani, au umpelekee boda boda kipande kilichochapishwa, akitazame mlangoni mchana, atie sahihi nyuma yake. Nusu moja ibaki kwake na nusu kwako. Gharama ya kipande hicho iingie kwenye bei tangu mwanzo. Mteja wa Toronto au Doha anayeagizia wazazi wake kadi hatafika, kwa hiyo ateue mtu wa hapa wa kumtazamia, na mwambie wazi kwamba neno la mwisho litakuwa la huyo. Kazi ikirudiwa mwezi ujao, anza kwa kukitoa kipande chenye sahihi, chapisha kingine, viweke sambamba kivulini, na ikiwa chupa ya wino imebadilishwa katikati, rudi kwenye ukurasa wa majaribio kabla ya kupokea malipo ya awali.